Medali za Kumbukumbu: Namna ya Kuzikagua, Kusoma Kilatini Chake na Kuzitunza

Medali ya kumbukumbu haivaliwi kifuani. Ile yenye utepe na pini, anayopewa askari au mtumishi wa serikali, ni nishani. Hii nyingine ni duara la madini lililotengenezwa ili tukio lisisahaulike: mfalme kutawazwa, mji kutekwa, mapatano kutiwa saini, papa kuingia mwaka mwingine wa utawala wake. Ulaya imezitengeneza tangu karne ya 15, pale Pisanello alipomtengenezea medali mfalme wa Bizanti, Yohane wa Nane Palaiologos, karibu mwaka 1438. Kwa karne nne zilizofuata lugha yake kuu ilikuwa Kilatini.

Anayeanza hukimbilia kamusi mapema mno. Maneno ya medali yamekatwakatwa ili yaenee kwenye duara, kwa hiyo sehemu kubwa ya sentensi haimo kwenye kamusi wala kwenye medali. Ikague kwanza kama kitu cha madini: imetoka wapi, imetengenezwaje, lini. Ukishajua hayo, maneno yanayowezekana hubaki machache na kusoma kunakuwa kazi ya saa moja badala ya wiki.

Vifaa ni vichache. Tafuta mizani ya sonara inayosoma hadi gramu 0.01 na kubeba angalau gramu 500, kalipa (kifaa cha kupimia kipenyo), lenzi ya kukuza mara 10, tochi ndogo na simu yenye kamera nzuri. Glavu si lazima kama mikono ni misafi na mikavu.

Ukingo kwanza

Tandika taulo nene mezani. Shika medali kwa ukingo kati ya kidole gumba na cha shahada, usiguse nyuso zake: jasho la vidole huacha alama ambayo baada ya miezi huwa doa lisilotoka. Medali za aloi ya bati ni laini mno. Ikianguka sakafuni mara moja tu hubonyea, na haizibiki.

Sasa izungushe taratibu chini ya lenzi. Ukingo ndiko medali husema umri wake wa kweli. Kiwanda cha sarafu cha Paris kimerudia kupiga medali za zamani kwa mihuri ile ile au nakala zake, na tangu 1832 hugonga alama ndogo ukingoni. Taa ya kale ni ya 1832 hadi 1841, nanga ni ya 1841 na 1842, omo ya merikebu ni ya 1842 hadi 1845, mkono unaonyoosha kidole ni wa 1845 hadi 1860, nyuki ni wa 1860 hadi 1879, na pembe iliyojaa matunda ni ya kuanzia 1880 mpaka leo. Pembeni mwa alama huandikwa madini: CUIVRE ni shaba, ARGENT ni fedha, OR ni dhahabu. Kwa hiyo medali ya Louis wa 14 yenye tarehe ya 1684 usoni na nyuki ukingoni ilipigwa karibu karne mbili baada ya tukio. Si bandia, ila haistahili bei ya toleo la kwanza, na muuzaji asiyetaja nyuki ana lake jambo. Ukingo usio na alama nao si ushahidi wa uzee, kwa kuwa kabla ya 1832 marudio hayakuwekewa alama yoyote.

Ukiona mshono mwembamba unaozunguka ukingo wote, una nakala ya umeme: maganda mawili membamba ya shaba yaliyojazwa risasi na kuunganishwa. Nakala za namna hii zilitengenezwa kwa heshima zote kwa ajili ya masomo. Zile ambazo Robert Ready alitengeneza kwenye British Museum mara nyingi zina herufi RR ukingoni. Ubaya ni mtu kuzichonga ukingo ili mshono upotee.

Chapa au kalibu

Medali hutengenezwa kwa njia mbili. Ya chapa hubanwa kati ya mihuri miwili ya chuma. Herufi zake zina kona kali na uwanja wake, yaani sehemu tupu isiyo na picha wala herufi, ni laini kama kioo. Ya kalibu humiminwa. Uwanja wake una vishimo vidogo, herufi zina mabega ya mviringo, na ukingo mara nyingi una alama za tupa. Medali za mwanzo za Italia ni za kalibu, kwa hiyo vishimo peke yake si kosa. Kosa ni kuona vishimo kwenye medali ambayo inajulikana ilipigwa chapa.

Kwa zile za kalibu, kalipa ndiyo hakimu. Shaba nyeusi ikipoa husinyaa kwa takriban asilimia 1 hadi 2. Mtu akichukua medali halisi ya milimita 100, akaifanya kielelezo cha kalibu mpya, nakala yake itatoka na milimita 98 au 99, na nakala ya nakala itapungua tena. Pima kipenyo mara tatu kwa pande tofauti, kisha linganisha na kipimo cha makumbusho. British Museum na American Numismatic Society huweka picha na vipimo vya makusanyo yao kwenye intaneti bila malipo.

Kupima madini kwa maji

Fedha iliyopakwa juu ya shaba hudanganya macho lakini haidanganyi maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, kisha ning'iniza medali kwa uzi mwembamba ndani ya maji bila kugusa kitako wala ubavu wa glasi. Namba inayosomeka ni ujazo wa medali kwa sentimita za ujazo. Gawanya uzito wa hewani kwa namba hiyo. Medali ya gramu 80.2 iliyosoma 7.8 ndani ya maji ina 10.28, na hiyo inakubaliana na fedha ya kiwango cha juu. Fedha tupu ni 10.49. Shaba tupu ni 8.96, bati ni karibu 7.3, risasi ni 11.34, dhahabu ni 19.3.

Viputo vya hewa vilivyonasa kwenye herufi huongeza ujazo na kuifanya fedha ionekane dhaifu. Vitoe kwa kutikisa uzi. Kwenye medali ndogo usitegemee sana jibu: kwa gramu 12, kosa la 0.05 linatosha kushusha 10.26 hadi 9.84. Kwa kipimo hiki usizamishe kabisa medali yenye mshono, yenye vanishi, au yenye unga wa kijani.

Piga picha kabla ya kusoma

Zima taa ya dari. Laza tochi karibu usawa na meza, ili mwanga upite juu ya medali kwa pembe ya nyuzi 15 au 20, kisha piga picha nne ukihamisha tochi kaskazini, mashariki, kusini na magharibi. Herufi iliyochakaa isiyoonekana kwa mwanga wa mbele hutupa kivuli kwa mwanga wa ubavuni. Kusugua penseli juu ya karatasi hufaa kwa maandishi ya ukutani. Kwenye medali laini huacha mikwaruzo.

Maandishi yako mahali panne: duara la mbele, duara la nyuma, chini ya mstari ulio sehemu ya chini ya picha, na ukingoni. Duara husomwa kwa mwendo wa saa, na mara nyingi huanzia chini kushoto au juu kabisa. Nukta, nyota au ua hutenganisha mwisho na mwanzo. Chini ya mstari ndiko hukaa tarehe na jina la tukio, kwa herufi ndogo ambazo wengi huzipita. Anzia huko.

V ni U pia, na I ni J pia: IVN ni Iun, yaani Juni. Jina fupi pembeni mwa shingo ya mfalme likifuatwa na F. ni fundi: fecit, "alitengeneza". Lakini F. kati ya majina mawili ni filius, "mwana wa". Vivyo hivyo OB. pamoja na tarehe ni obiit, "alifariki", ilhali OB mbele ya jina la kitu ni "kwa sababu ya". D.G. ni Dei gratia, kwa neema ya Mungu, F.D. ni fidei defensor, mlinzi wa imani, P.M. au PONT. MAX. ni papa, S.R.I. ni Dola Takatifu ya Kirumi, AET. ni umri. Konsonanti ikirudiwa mwishoni mwa kifupisho ni dalili ya wingi. Nishani nyingi za Vita vya Kwanza vya Dunia zilizobaki majumbani mwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki) zimeandikwa GEORGIVS V BRITT: OMN: REX ET IND: IMP: na zile T mbili ndizo zinazosema "Britania zote", si moja. Shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki yenye simba ina ndugu wa maneno hayo, REX ET IND: IMP:. Mwishoni mwa miaka ya 1940 ikabaki GEORGIVS SEXTVS REX tu, kwa kuwa India ilikuwa imeshajitawala tangu 1947. Shilingi hizo ni mahali pazuri pa kuanzia mazoezi, maana zinapatikana.

Mkia wa neno

Msemaji wa Kiswahili ana faida ambayo wengi hawaijui. Amezoea neno moja kubeba sentensi nzima: "siumizwi" lina mtu, ukanushi, wakati na kauli ya kutendwa. Kilatini hufanya hivyo hivyo, ila mzigo wake mwingi hukaa mkiani. Mwisho -T ni yeye, -NT ni wao, -MVS ni sisi, -O au -OR ni mimi.

Itazame medali ya Uholanzi ya 1588, baada ya kundi la merikebu za kivita za Hispania kusambaratika baharini. Upande mmoja kuna kanisa juu ya mwamba unaopigwa na mawimbi, na maneno ALLIDOR NON LAEDOR. Mikia miwili ya -OR inatosha: kanisa lenyewe linasema, "Nagongwa, siumizwi." Upande wa pili kuna merikebu zinazovunjika na FLAVIT, kisha herufi nne zisizo za Kilatini, kisha ET DISSIPATI SVNT. Hizo nne ni jina la Mungu kwa Kiebrania, nazo husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. "Alivuvia Yehova, nao wakatawanyika." Asiyejua hudhani ni urembo au mikwaruzo, akabaki na kitenzi kisicho na mtenda.

Kwenye majina, -VS na -A kwa kawaida ni mtenda, -VM na -AM ni mtendwa, -I na -AE ni "wa" au "ya", -O ni "kwa" au "kwa ajili ya". LVDOVICVS MAGNVS ni Louis Mkuu anatenda. LVDOVICO MAGNO ni kitu kimetolewa kwa ajili yake. Sifa hupatana na jina lake hata zikitenganishwa na maneno mengine, kama upatanisho wa ngeli unavyomwambia Mswahili kipi ni cha nani.

Jaribu medali rasmi ya jubilei ya miaka 60 ya Malkia Victoria. Iko ya milimita 56 na ya milimita 26 hivi, na ile ndogo ya fedha bado si adimu. Mbele kuna malkia mzee aliyejitanda shela, na duara: VICTORIA ANNVM REGNI SEXAGESIMVM FELICITER CLAVDIT XX IVN. MDCCCXCVII. Tafuta kitenzi kwanza: CLAVDIT, mkia -T, "anafunga". Nani? VICTORIA. Anafunga nini? Yenye -VM ni mawili, ANNVM na SEXAGESIMVM, yanapatana: mwaka wa sitini. Mwaka wa nini? REGNI, wa utawala. FELICITER ni "kwa fanaka". "Victoria anafunga kwa fanaka mwaka wa sitini wa utawala wake, 20 Juni 1897." Nyuma yuko malkia huyo huyo akiwa msichana, na mwaka 1837 alipoanza kutawala, pamoja na LONGITVDO DIERVM IN DEXTERA EIVS ET IN SINISTRA GLORIA. Hapa DIERVM ina -VM lakini si mtendwa. Ni wingi, "wa siku". "Wingi wa siku uko mkono wake wa kuume, na katika wa kushoto utukufu."

Maneno yanayosikika kama maandiko huwa ni maandiko. Haya ni Mithali 3:16, yanayomhusu Hekima. Ukifungua aya hiyo utaona mkono wa kushoto umeshika utajiri na heshima. Waliotunga medali waliuondoa utajiri. Kuona kilichoachwa ni sehemu ya kusoma, na ni sehemu tamu kuliko zote.

Washairi nao hutumiwa, na hubadilishwa. Medali ya jubilei ya George wa Tano ya 1935, yenye kasri la Windsor, ina STET FORTVNA DOMVS. Virgil, akisifu nyuki, aliandika STAT: bahati ya nyumba inasimama. Herufi moja imegeuka, na kitenzi kimekuwa cha dua, sawasawa na -e yetu ya mwisho: "isimame bahati ya nyumba hii." Ukitafuta kifungu kwenye intaneti na kisitokee, badilisha irabu moja ya kitenzi ujaribu tena.

Pale kamusi inapopotosha

Louis wa 14 aliipiga Genoa kwa mizinga ya merikebu Mei 1684. Medali yake ina duara VIBRATA IN SVPERBOS FVLMINA, "radi zilizorushwa juu ya wenye kiburi", na chini ya mstari GENVA EMENDATA. Kamusi itakuambia genua ni magoti. Sarufi nayo itakubali, kwa sababu "magoti yaliyorekebishwa" ni Kilatini sahihi kabisa. Lakini ni jina la mji: "Genoa imerudiwa", kama mtoto anavyorudiwa na wazazi. Kila neno lililo chini ya mstari lichukulie kuwa jina la mahali mpaka lithibitike vingine, na weka karibu orodha ya miji kwa Kilatini: LVTETIA ni Paris, VINDOBONA ni Vienna, AVGVSTA VINDELICORVM ni Augsburg.

Tarehe

IIII ni nne kama IV. CIƆ ni 1000 na IƆ ni 500, kwa hiyo CIƆIƆCLXXXVIII ni 1688. Tarehe yenye KAL. huhesabiwa kurudi nyuma kutoka tarehe mosi ya mwezi uliotajwa: chukua siku za mwezi uliotangulia, ongeza 2, toa namba iliyoandikwa. XII KAL. IVL. ni 30 jumlisha 2 toa 12, yaani 20 Juni, ingawa limeandikwa jina la Julai.

Kwenye medali za mapapa, A. VII au AN. VII ni mwaka wa utawala. Innocent wa 11 alichaguliwa Septemba 1676, hivyo mwaka wake wa saba ulianza vuli ya 1682 na kuishia vuli ya 1683.

Medali ya Libertas Americana ya 1783, kazi ya Augustin Dupré kwa wazo la Benjamin Franklin, ina tarehe zilizopangwa kama sehemu za hesabu: 17 juu ya 19, kisha OCT., kisha 1777 juu ya 1781. Soma juu na juu, chini na chini: 17 Oktoba 1777 ni Saratoga, 19 Oktoba 1781 ni Yorktown, mahali pawili ambapo majeshi ya Waingereza yalisalimu amri kwa Wamarekani.

Ukiona herufi kubwa zimetapakaa katikati ya maneno bila mpangilio, jumlisha zile ambazo ni namba za Kirumi. Sentensi ChrIstVs DVX ergo trIVMphVs, inayohusishwa na Gustav Adolf wa Sweden, ina C, I, V, D, V, X, I, V, M, V. Jumla ni 1632, mwaka aliouawa vitani huko Lützen. Ila V ya DVX ikiwa ndogo, jumla ni 1627. Pima urefu wa kila herufi chini ya lenzi kabla ya kujumlisha.

Kuzitunza pwani na bara

Usisafishe. Ukwaju, ndimu, majivu na dawa ya kung'arishia shaba vyote hula ngozi ya juu pamoja na nywele na mikunjo ya nguo iliyochongwa, na hakuna mkusanyaji anayelipa bei nzuri kwa medali inayong'aa kama sinia jipya. Vumbi litoe kwa brashi laini. Utando wa kijani unaonata kama gundi hutoka kwenye mifuko ya plastiki ya PVC, ile yenye harufu ya koti jipya la mvua. Uondoe kwa asetoni safi mahali penye hewa, mbali na moto. Kiondoa rangi cha kucha hakifai kwa kuwa kina mafuta na manukato.

Unga wa kijani mpauko unaorudi baada ya kufutwa ni ugonjwa wa shaba: chumvi iliyoingia ndani inafanya kazi pamoja na unyevu. Tenga medali hiyo na nyingine. Kwangua unga kwa kijiti cha meno, loweka kwenye maji yaliyokenekwa ukibadilisha kila siku kwa wiki kadhaa (maji ya betri yanafaa, mradi si yale yenye tindikali), kausha kwa asetoni, kisha ihifadhi penye unyevu chini ya asilimia 40. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja unyevu mara nyingi hupita 75, kwa hiyo chombo kiwe cha kufunga kabisa, chenye vifuko vya silika jeli. Zile chembe zenye rangi hubadilika zikishiba; zikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu.

Fedha huchukia sufu na mpira, maana hutoa salfa. Risasi na aloi zake huchukia masanduku ya mti wa mwaloni na gundi za siki. Kasha la asili la ngozi lihifadhi, linaongeza thamani, lakini liweke kando na medali yenyewe.

Kila medali iwe na kadi yake: kipenyo, uzito, madini, alama za ukingo, na maandishi yaliyonakiliwa herufi kwa herufi, V ikibaki V. Ulichojaza wewe kiweke ndani ya mabano ya mraba, ili kesho mtu aone kipi ni cha medali na kipi ni chako: GEORGIVS V BRITT[ANNIARVM] OMN[IVM] REX ET IND[IAE] IMP[ERATOR]. Usipoweza kusoma herufi, weka nukta moja kwa kila herufi iliyopotea, usikisie. Mkisio ukishaandikwa kwenye kadi, baada ya miaka miwili hata wewe mwenyewe utauamini.